Dizeli si Mchuzi: Hoja Dhidi ya Viongezi vya Kujibunia

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Mchukuzi aliyetwishwa pakacha lenye tundu huhisi mzigo ukipungua kila hatua, na huenda hata akaimba njiani. Hasara huonekana mwishoni mwa safari, pindi mwenye mali anapolitua pakacha na kuchungulia ndani. Methali hii aghalabu hutumiwa kumsuta mtu anayefurahia nafuu inayotokana na hasara ya mwenzake. Nimeichagua kuyafungulia makala haya kwa kuwa ninataka kuzungumzia hali ambamo mchukuzi na mwenye mali ni mtu mmoja, na bado anaufurahia uvujaji huo.

Swali langu ni hili: je, inafaa mwenye gari la dizeli atie ndani ya tangi lake viongezi vya kujibunia, yaani mafuta taa, petroli, oili ya pikipiki, oili iliyokwisha kutumika, spiriti, asetoni au hata vidonge vya kufukuzia nondo, kwa matumaini ya kupunguza gharama, kuondoa moshi au kuiongezea injini nguvu? Jibu langu ni kwamba haifai. Hata hivyo, sikusudii kuwacheka wanaofanya hivyo. Wengi wao ni watu werevu wanaojua kazi yao, na baadhi ya hoja zao zina mashiko. Ninakusudia kuzipima hoja hizo kwa haki, kisha nieleze ni kwa nini ninaamini kwamba lawama haiwaangukii madereva peke yao, bali pia sisi tunaojiita wapenzi na wataalamu wa Kiswahili.

Msomaji huenda akauliza mambo ya injini yamefuata nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Ninamwomba subira. Mwishoni mwa makala ataona kwamba suala hili ni la lugha kama lilivyo la mafuta.

Chanzo cha Mjadala Huu

Mjomba wangu alikuwa na lori dogo la dizeli alilolinunua likiwa limekwisha kutumika huko Japani. Lori hilo lilibeba viazi kutoka Molo hadi Nairobi, na ndilo lililonilipia karo tangu shule ya upili. Mnamo 2017, nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, mafuta taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na miongoni mwa madereva kulikuwa na maarifa yaliyopokezanwa kwa mdomo: tia sehemu moja ya mafuta taa kwa sehemu nne za dizeli, kisha ongeza kikombe cha oili ya pikipiki 'ili pampu isikauke'. Mjomba aliyafuata maarifa hayo kwa muda wa miezi saba. Alisema gari limechangamka na moshi mweusi umepungua. Nami, niliyekuwa nikisafiri naye wakati wa likizo, niliuona moshi ukipungua kwa macho yangu.

Mwezi wa nane lori lilikwama katika mwinuko wa Kinungi likiwa limejaa viazi. Fundi alipoifungua pampu ya mafuta alikuta chembechembe za chuma ziking'aa kama vumbi la fedha. Chembe hizo zilikuwa zimesafiri hadi kwenye nozeli zote nne na kuziharibu. Viazi viliuzwa pale pale barabarani kwa bei ya kutupa.

Tufanye hesabu. Tuseme tofauti ya bei ilikuwa shilingi 20 kwa lita. Tangi la lita 100 likitiwa lita 20 za mafuta taa, dereva huokoa shilingi 400. Akijaza tangi mara mbili kwa wiki, huokoa shilingi 800. Kwa wiki 30 alizochanganya mjomba, akiba yake ilikuwa shilingi 24,000. Pampu na nozeli, pamoja na kazi ya fundi, zilimgharimu zaidi ya shilingi 150,000, na hapo sijahesabu viazi wala safari zilizokosekana kwa majuma matatu. Karo ya muhula wangu wa pili iliishia katika vipuri. Nilisoma muhula huo kwa hisani ya wenzangu wa chumba kimoja.

Jambo ambalo sijalisahau si hasara hiyo. Ni maneno ya mjomba nilipomwuliza, kwa ujeuri wa mwanafunzi, kama hakuwa amesoma kijitabu cha gari. Alikitoa kijitabu chenyewe kutoka ndani ya kijidroo cha gari akanikabidhi. 'Haya mpwa wangu, wewe ndiwe msomi. Nisomee.' Kilikuwa kimeandikwa kwa Kijapani kuanzia jalada hadi jalada.

Dizeli ni Kitu Gani?

Ili tuzipime hoja, ni sharti kwanza tuelewe dizeli hufanya kazi gani. Jina lenyewe limetokana na Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa jijini Paris mwaka 1858 na kufariki mwaka 1913. Jina la mtu likawa jina la injini, kisha likawa jina la mafuta, na Kiswahili kikalipokea kwa ukarimu na kuliweka katika ngeli ya I-ZI.

Injini ya petroli huhitaji cheche ya plagi ili mafuta yawake. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa peke yake huingizwa ndani ya silinda na kushindiliwa hadi nafasi yake ipungue kwa mara 14 hadi 22 hivi. Hewa iliyoshindiliwa namna hiyo hupata joto linalopita nyuzi 500 za Selisiasi. Hapo ndipo nozeli hunyunyiza dizeli kama ukungu, na ukungu huo huwaka wenyewe kwa kugusana na hewa ya moto. Kila kitu hutegemea wakati: mafuta yakichelewa kuwaka, hujilimbikiza ndani ya silinda kisha yakalipuka kwa mkupuo mmoja, na ndiyo maana injini hugonga.

Wepesi wa dizeli kuwaka hupimwa kwa kipimo kiitwacho namba ya setani. Kiwango cha Ulaya hudai namba hiyo isipungue 51, na kile cha Marekani hudai isipungue 40. Petroli, kwa upande wake, hutengenezwa kwa makusudi kinyume: hutakiwa isiwake kabla ya cheche. Kwa hivyo, mtu anayetia petroli ndani ya dizeli anachanganya vitu viwili vilivyoundwa kwa tabia zinazopingana.

Isitoshe, dizeli haiwaki tu. Katika magari mengi dizeli hiyo hiyo ndiyo inayolainisha pampu ya mafuta na sindano za nozeli, na ndiyo inayozipoza. Hakuna oili nyingine inayofika huko. Katika injini za kisasa, pampu hushindilia mafuta kwa shinikizo linaloweza kufikia bar 2,000, yaani mara mia kadhaa ya shinikizo lililomo katika gurudumu la gari dogo. Mafuta hayo hupitia vitundu ambavyo upana wake ni sehemu ndogo tu ya milimita moja. Vyuma vinavyosuguana mahali hapo vimechongwa vikaachiana nafasi ndogo mno. Utando mwembamba wa dizeli ndio unaovizuia visilane.

Hoja za Wanaounga Mkono

Wanaotetea viongezi vya kujibunia wana hoja nne kuu, nami nitazieleza kwa nguvu zake zote.

Hoja ya kwanza ni ushahidi wa macho. Dereva husema kwamba baada ya kutia mafuta taa, moshi mweusi hupungua. Hili ni kweli, na anayemwambia dereva kwamba hajaona alichokiona hatasikizwa tena.

Hoja ya pili ni ushahidi wa wazee. Kuna madereva waliochanganya mafuta taa katika malori ya zamani kwa miaka mingi, na malori hayo yalizeeka yakiwa barabarani. Hili nalo ni kweli.

Hoja ya tatu ni kwamba wakubwa wenyewe hufanya hivyo. Zamani baadhi ya watengenezaji wa magari ya dizeli huko Ujerumani waliruhusu wenye magari kutia kiasi fulani cha mafuta taa au petroli wakati wa baridi kali. Majeshi ya nchi za muungano wa NATO huendesha magari yao ya dizeli kwa mafuta ya ndege, ambayo ni jamii moja na mafuta taa. Naye Rudolf Diesel aliishi kuona injini ya aina yake ikiendeshwa kwa mafuta ya karanga katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900.

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye kiasi kidogo cha salfa, kisichozidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni. Inajulikana kwamba mchakato wa kuondoa salfa huipunguzia dizeli uwezo wake wa asili wa kulainisha. Watetezi husema: ikiwa ulainishaji umepunguzwa kiwandani, kuna ubaya gani kuurudisha kwa kikombe cha oili?

Majibu ya Hoja Hizo

Tuanze na moshi. Moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakupata hewa ya kutosha ya kuungua. Mafuta taa ni mepesi kuliko dizeli, na pampu hupima mafuta kwa ujazo wala si kwa uzito. Kwa hivyo, kila nozeli inaponyunyiza, kiasi halisi cha mafuta kinachoingia ndani ya silinda hupungua kidogo, na moshi nao hupungua. Gari halijatibiwa, bali limepunguziwa chakula. Chanzo cha moshi, ambacho mara nyingi ni kichujio cha hewa kilichoziba, nozeli zilizochoka au mzigo uliopita kiasi, hubaki pale pale. Ni sawa na mgonjwa wa homa kuvunja kipimajoto akidhani amepona.

Na hata pale moshi unapopungua machoni, madhara hayajaondoka. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Utingo anayening'inia mlangoni na mama anayechoma mahindi kando ya steji huvuta hewa ile ile, iwe nyeusi au isiwe.

Kuhusu malori ya wazee, jibu limo katika muundo wa pampu. Malori mengi ya zamani yalikuwa na pampu ambazo sehemu yake ya chini ililainishwa kwa oili ya injini. Dizeli haikubebeshwa kazi yote. Shinikizo nalo lilikuwa dogo kuliko la leo kwa mbali. Magari yaliyofuata yaliletwa na pampu zinazolainishwa na dizeli pekee, kisha zikaja hizi za shinikizo kubwa. Kanuni za Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo umri wake hauzidi miaka minane, na kwa hivyo injini za kisasa zimejaa barabarani mwetu. Wazee hawakusema uongo. Walisema kweli juu ya injini ambayo wajukuu wao hawana. Ushauri umebaki ule ule ilhali chombo kimebadilika.

Hoja ya Ujerumani haitufai kwa sababu mbili. Mosi, ruhusa ile ilitolewa kwa ajili ya baridi inayogandisha nta iliyomo katika dizeli, baridi iliyo chini ya sufuri kwa nyuzi nyingi. Hata Timboroa na Kinangop, kwa baridi yake yote, hazijafika huko. Pili, ruhusa ile ilihusu injini za wakati ule. Vitabu vya magari ya dizeli ya kisasa hukataza jambo hilo. Ama kuhusu majeshi, mafuta yao hutiwa kiongezi maalumu cha kulainisha kwa kipimo kinachojulikana, jambo ambalo mafuta taa ya kupimiwa kwenye chupa dukani hayana. Nayo injini iliyokunywa mafuta ya karanga mwaka 1900 ilikuwa ya kwendapo polepole, isiyo na vitundu vyembamba kama vya leo. Mafuta ya mimea ni mazito kuliko dizeli kwa takriban mara kumi, na ndiyo sababu hulazimu yageuzwe kwa njia ya kikemia kabla ya kuitwa dizeli ya mimea.

Hoja ya nne inastahili heshima, maana inatokana na ukweli wa kisayansi. Lakini ukweli huo umekatizwa nusu. Ni kweli kwamba kuondoa salfa hupunguza ulainishaji, na kwa sababu hiyo hiyo viwango vya mafuta hayo huweka kipimo cha ulainishaji, na wasafishaji hurudisha ulainishaji huo kwa kiongezi kabla ya dizeli kuuzwa. Anayetia oili ya pikipiki anatibu ugonjwa uliokwisha kutibiwa. Oili hiyo iliundwa kwa injini ya aina nyingine, na baadhi ya viambato vyake huacha majivu yanapoungua. Katika lori kuukuu kikombe kimoja huenda kisilete madhara ya kuonekana. Katika gari la kisasa lenye kichujio cha moshi, majivu hujilimbikiza humo na hayaungui tena. Aidha, anayetia mafuta taa kwanza kisha oili baadaye anabomoa kwa mkono mmoja na kukandika kwa mwingine.

Viongezi vingine havihitaji maelezo marefu. Oili iliyokwisha kutumika imebeba masizi na chembe za chuma, yaani uchafu ule ule ambao fundi aliitoa kwa sababu yake. Asetoni hushambulia baadhi ya mipira inayozuia uvujaji. Vidonge vya nondo vya naftalini vilisifiwa tangu zamani katika petroli, na huenda vikafanya kitu huko, lakini katika dizeli ni balaa. Wanasayansi walipobuni kipimo cha setani, kitu walichokipa alama sufuri kilikuwa cha ukoo wa naftalini. Mtu hawezi kuchagua kiongezi kibaya zaidi hata akijaribu. Spiriti hutiwa ili kuondoa maji tangini, ilhali magari mengi ya dizeli yana kichujio chenye kizibo chini yake, kilichowekwa makusudi ili maji yafunguliwe na kumwagwa. Dawa ipo ndani ya gari, tena bure.

Petroli ina hatari ya peke yake. Mvuke wa dizeli haushiki moto kwa urahisi katika joto la kawaida, lakini mvuke wa petroli hushika hata penye baridi kali. Mtu anayechanganya kwa jerikeni uani, pengine jiko likiwa hatua chache kutoka hapo, hachezi na injini tu. Taifa hili halijasahau Sachang'wan, karibu na Molo, ambapo mnamo Januari 2009 zaidi ya watu 100 waliangamia katika moto wa lori la petroli lililopinduka. Kisa kile kilikuwa tofauti, lakini mvuke ulikuwa ule ule.

Nani Aliyelipa?

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba hasara ni ya mwenye gari pekee. La hasha. Kuna aliyelipa zaidi.

Kuchanganya mafuta taa na dizeli hakukuanzia wala kuishia kwa madereva kama mjomba. Kulikuwa pia na wafanyabiashara waliochanganya kwa wingi na kuwauzia watu wasiojua. Serikali iliamua kulikata shina la uovu huo kwa kuondoa tofauti ya bei. Kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2018, kila lita ya mafuta taa ilitozwa shilingi 18 za kuzuia uchanganyaji. Tanzania ilikuwa imepita njia kama hiyo mwaka 2011 ilipopandisha kodi ya mafuta taa. Hatua hiyo ilifanya kazi. Kufikia Septemba 2023, bei ya juu iliyowekwa jijini Nairobi ilikuwa shilingi 200.99 kwa lita ya dizeli na shilingi 202.61 kwa lita ya mafuta taa. Kichocheo cha kuchanganya kilikwisha wakati huo, maana aliyechanganya alilipa zaidi ili aharibu gari lake.

Lakini tujiulize ni nani aliyekuwa akinunua mafuta taa. Ni mama wa mtaa wa mabanda anayepikia stovu. Ni mtoto wa kijijini anayesomea kibatari kwa kuwa nguzo za umeme zimepita mbali na kwao. Hawa hawana lori, wala hawajawahi kuiona nozeli. Walitozwa shilingi 18 kwa kila lita ili wenye magari wasishawishike. Pakacha lilivuja begani mwa mmoja, na aliyekula hasara ni mwingine kabisa asiyekuwamo hata safarini. Ninapomsikia mtu akisema kwamba anachotia tangini ni shauri lake na gari lake, humkumbusha kibatari hicho.

Nafasi ya Kiswahili

Sasa nirejee kwenye kijitabu cha Kijapani. Kwa nini maarifa ya mchanganyo yaliwashinda maarifa ya wahandisi? Sidhani ni kwa sababu ya ujinga. Maarifa ya mchanganyo yalikuwa na sifa ambayo mengine hayakuwa nayo: yalisemwa kwa Kiswahili. Yalikuwa mafupi, yalikuwa na vipimo, yalikuwa na sababu na yalitoka kwa mtu anayeheshimika steji. Maarifa sahihi yalikuwa yamefungiwa katika Kijapani cha kijitabu na Kiingereza cha mihadhara.

Tazama pia neno lenyewe 'mafuta'. Tunajipaka mafuta, tunapikia mafuta, tunawashia taa mafuta na tunajaza gari mafuta. Neno moja limewakusanya ndugu wasiofanana. Sidai kwamba lugha ndiyo iliyotia mafuta taa tangini. Bei ndiyo iliyofanya hivyo, na bei ilipobadilika mchezo ulipungua. Hata hivyo, anayesema 'mafuta ni mafuta tu' ana sarufi upande wake, na mwenye kumkosoa anahitaji msamiati. Je, tumempa msamiati huo? Dhana ya uwezo wa mafuta kulainisha, au ya joto ambalo mvuke wake hushika moto, haina jina moja lililozoeleka ambalo fundi wa Gikomba, mwalimu wa chuo cha ufundi na mwandishi wa gazeti wote wangelitambua. Fundi amejitahidi peke yake. Amesema nozeli, pampu, plagi, gasketi na breki, akazitamka kwa matamshi yetu na kuzipangia ngeli bila kusubiri kamati. Sisi tumebaki tukibishana kama maneno hayo ni sanifu au la.

Tena si suala la hisani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa anayoinunua. Ukiviweka vifungu hivyo viwili bega kwa bega, ni vigumu kueleza kwa nini gari linaweza kuuzwa kwa Mkenya likiwa na maelezo asiyoweza kuyasoma hata kidogo.

Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitenga siku hiyo mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunavaa kanga na kanzu, tunaghani mashairi na kuisifu lugha yetu. Ni jambo jema. Lakini lugha husifiwa zaidi kwa kutumiwa. Ninapendekeza kwamba chama chetu kiwaendee wanafunzi wa uhandisi, wakae na mafundi wawili watatu wa jua kali, na waandike kijitabu cha kurasa 20 cha utunzaji wa injini ya dizeli. Wanafunzi wa uhandisi walete sayansi, mafundi walete istilahi na uzoefu, nasi tulete kalamu. Kijitabu hicho kikisomwa katika steji moja tu, kitakuwa kimefanya kazi ambayo tasnifu nyingi zilizo katika rafu za maktaba yetu hazijaifanya.

Hitimisho

Nimedai kwamba viongezi vya kujibunia havifai katika dizeli, na nimetoa sababu. Nafuu yake ni ya muda, madhara yake hujificha pampuni, na gharama yake huwaangukia hata wasio na magari. Anayetaka kuokoa fedha ana njia zilizo wazi: anunue mafuta katika kituo chenye wateja wengi na adai risiti, amwage maji ya kichujio mara kwa mara, abadilishe vichujio kwa wakati, asipitishe mzigo, ajaze magurudumu upepo, na moshi ukitoka, atafute chanzo chake badala ya kuufunika. Akiona ni lazima atumie kiongezi, basi kiwe kilichotengenezwa kwa dizeli, kwa kipimo kilichoandikwa, na kwa idhini ya mtengenezaji wa gari lake. Dizeli si mchuzi, ambao mpishi huonja akaongeza chumvi au ndimu. Injini haionji, na mchuzi ukiharibika hatuuzi viazi barabarani.

Mjomba bado anaendesha lori, ingawa si lile. Nilipomweleza haya yote alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza: 'Na hayo umeyaandika wapi, niwapelekee wenzangu?' Wakati huo sikuwa nimeyaandika popote. Sasa nimeyaandika hapa, na nakala moja ya jarida hili nitampelekea Molo. Zilizobaki zi mikononi mwenu, wenzangu. Shime, tusiziache zikae rafuni.